Filamu Iliyokula Mahari ya Minza

Mzee Mayige wa Bariadi aliuza ng'ombe wote aliolipwa mahari ya bintiye Minza, akatengeneza filamu ya mapenzi ya kuchekesha. Enzi zile za soko huria kila aliyekodi kamera alijiona tajiri. Filamu ikaonyeshwa kwenye kibanda cha video, na viingilio havikutosha hata mafuta ya jenereta.

Haukupita muda, Minza akarudi nyumbani, jicho limevimba.

"Baba, mume wangu ataniua."

Kumpokea ni kurudisha ng'ombe, na ng'ombe wenyewe walishaliwa na filamu. Basi mpumbavu yule akampakia binti kwenye baiskeli, akamrudisha kwa mumewe.

Njiani akamuuliza, "Mwanangu, ile filamu uliiona? Ulicheka?"