Kibuyu cha Mahari Kwenye Mizani

Siku yangu ya kwanza kazini, msimamizi alinipa kiti, mizani na karatasi yenye picha za vitu vinavyokatazwa kwenye ndege. Shule niliachia darasa la nne, kwa hivyo picha ndizo zilizonisaidia: mtungi wa gesi, petroli, dawa ya kunyunyizia viazi. Kiwanja cha ndege kilikuwa kidogo, upande wa Embu. Ndege ikikaribia tulifukuza mbuzi kwanza.

"Usimuulize abiria kama ana kitu kibaya," msimamizi aliniambia. "Hakuna mtu ana kitu kibaya. Kitaje kwa jina."

Ni kweli. Mkulima wa Kibirichia atakuapia hana kitu, na dawa ya viazi iko ndani ya chupa ya soda, imeviringishwa kwa shati. Ndiyo maana ya kutangaza mzigo: mtu aseme kwa mdomo wake kabla begi haijaingia tumboni mwa ndege. Betri ya kuchajia simu ibaki mkononi, kisu kiende chini na mizigo, petroli irudi nyumbani.

Baadaye nikahamishiwa upande wa Meru, chini ya msimamizi mama, mkali lakini wa haki. Chai yake ilikuwa nyeusi kama lami, lakini hiyo tuiache. Nataka kusema habari ya wazee watatu.

Walikuja asubuhi na makoti yao, wanapeleka mahari Kisumu, kwa Wameru wenzetu waliohamia huko. Mkubwa wao, baba ya kijana anayeoa, alikumbatia kibuyu kilichofungwa kwa ngozi. Kwetu mahari bila asali bado haijatoka nyumbani.

"Mzee, ndani kuna nini?"

"Mambo ya wazee."

"Na mambo ya wazee ni kilo ngapi?"

Wenzake wakacheka. Yeye hapana. "Hii inafunguliwa na baba ya msichana. Ukiifungua hapa, umevunja nyumba ya mtoto wangu."

Mama msimamizi akasogea. "Baba, asiyetangaza hapandi. Asali iliyofungwa vizuri itaenda chini. Lakini kitu kinachochacha kitapasuka huko juu."

Mzee akasema pole pole, "Ni asali."

Sikufungua. Niliweka sikio kwenye kibuyu. Asali safi hukaa kimya. Hii ilinong'ona, sss, kama sufuria inayotaka kuchemka.

"Mzee, hebu sikia mwenyewe."

Akainama, akaweka sikio. "Inachacha. Aliyeniuzia ametia maji," akasema.

"Tungeifungua mbele ya wakwe!" mwenzake akashika kichwa. "Wangetuuliza kama tumewaletea maji ya kunawa."

Mzee akawatuma wenzake watangulie, wamwombee kwa wakwe siku moja. Yeye akashika njia ya Mbeere, kwa mtu mwenye mizinga ya nyuki.

Sasa nimestaafu, natunza migomba yangu na goti linaniuma. Watu huuliza kama sikuchoka na maswali yale yale. Nilichoka, nisidanganye. Wengi walinificha vitu kwa aibu tu, na mimi nilikuwa mwepesi wa kuwaita waongo. Lakini kesho yake, baada ya siku ile ya kibuyu, mzee alirudi, koti limejaa vumbi, na hakungoja niulize. Aliweka kibuyu kipya kwenye mizani.

"Asali," akatangaza, mpaka watu wa nyuma wakageuka. "Ya mahari ya mtoto wangu. Sikiliza."

Nikainama. Kimya kabisa.