Shada la Maganda ya Karanga

Nyie mliokimbia mchakamchaka pekupeku asubuhi ya baridi miaka ile ya sabini, nyie ndio ninaowaandikia. Hawa wa siku hizi nikiwaambia tulikwenda shule na jembe begani na kibuyu cha maji mkononi, wananitazama kama mtu anayetunga. Mjukuu wangu mmoja aliwahi kuniuliza, "Sasa Bibi, kusoma mlikuwa mnasoma saa ngapi?" Tulisoma, mwanangu, tena vizuri tu. Ila kwanza tulilima.

Kijiji chetu kilikuwa upande wa Mpimbwe. Mvua zikiwa zimechanganya, lori la kwenda Mpanda mjini lilitumia kutwa nzima, na abiria walishuka kulisukuma mara tatu nne huku wakicheka. Lakini sisi watoto tuliipenda mvua. Kumbikumbi walitoka ardhini, nasi tukawala wengine kabla hawajafika kikaangoni. Uyoga ulichipua porini, mama akaupika kwa karanga za kutwanga, harufu ukaisikia toka kisimani. Mjomba akirudi kutoka msitu wa Ugalla na debe la asali, tulilamba masega mpaka nzi wakatufuata darasani. Jioni ilikuwa michezo ya rede na kombolela hadi mama zetu wakauke sauti kwa kutuita. Kwetu chakula kilikuwepo, lakini mtoto ni mtoto, anataka kilicho mbele ya macho.

Na mbele ya macho yetu, msimu ule wa kupanda, yalikuwepo magunia mawili ya karanga za mbegu za shule.

Kila mtoto wa darasa la nne alipewa tuta lake, na mwanzoni mwa tuta kikachomekwa kijiti chenye jina lake. Mwalimu wetu wa kilimo, Mwalimu Anselmi, mtu mrefu ambaye kaptula yake ilikuwa na mstari wa pasi hata siku ya kulima, alitujua vizuri. Alichanganya mbegu na majivu ili zisitutamanishe. Halafu akaamuru tupande huku tunaimba, maana anayeimba hawezi kutafuna. Akasimama pembeni ya shamba na fimbo yake, ametega sikio.

Kosa lake lilikuwa moja tu. Alinichagua mimi, Gaudensia, niwe mwanzishaji wa nyimbo. Mwanzishaji anaimba mstari mmoja, wenzake wanaitikia mitatu. Na mistari mitatu ni muda mrefu sana kwa mtoto aliyeshika karanga mkononi! Nilifuta majivu kwenye sketi, nikatafuna, nikameza, nikaanzisha tena kwa sauti nyororo. Mashimo nikayafukia vizuri kwa mguu, matupu. Mwalimu Anselmi akanisifu mbele ya wote kwa bidii yangu.

Ninachoshangaa mpaka leo ni kwamba sikuwaza habari ya kuota. Mtoto wa wakulima, mjukuu wa wakulima, nilidhani nikishafukia basi yamekwisha. Siku ya kumi nikapita shambani asubuhi peke yangu. Matuta yote yalikuwa yamechipua, na katikati yake la kwangu lilikuwa jekundu, limenyooka, lina upara kama wa babu yangu. La jirani lilikuwa la Yustina, nalo lilistawi kuliko yote.

Yustina alikuwa rafiki yangu wa damu. Tulikaa dawati moja, na Krismasi ile tulitarajia kupokea Komunyo ya Kwanza pamoja, magauni yetu yakiwa kwa fundi, yamekatwa kutoka jora moja. Nilichomoa kijiti changu, nikachomoa chake, nikavibadilisha. Kisha nikakimbia.

Shuleni kwetu mla mbegu alikuwa na adhabu yake: shada la maganda ya karanga, yametungwa kwenye uzi wa katani. Unalivaa shingoni wiki nzima, darasani, kisimani, mpaka kanisani, na kila anayekuona anajua. Mwalimu Anselmi alipokagua matuta akatupanga mstari palepale shambani, na Yustina alipoitwa mbele hakulia. Alivitazama vile vijiti, akanitazama mimi, akainamisha kichwa akavikwa. Jioni katekista wetu, Baba Modesti, akatoa neno lake: mwizi wa mbegu hataungana na wenzake Krismasi. Atasubiri mwaka mwingine.

Mwenzenu nikakosa raha. Uyoga wa mama ukanishinda kwa ajili ya zile karanga. Mama akanishika paji la uso, akaona ni malaria, akaninywesha dawa chungu ya mizizi, nami nikainywa yote bila kubisha.

Na Yustina je? Yustina aliringa! Aligundua kuwa akiruka, maganda yanalia kama manyanga. Mapumziko wasichana wakamzunguka, wakapiga makofi, yeye akacheza katikati. Kufika Jumatano watoto walikuwa wanamwomba wajaribishe kidogo. Wawili wa darasa la pili walikamatwa nyuma ya choo wanajitungia ya kwao. Mwalimu Anselmi alikuna kichwa asijue afanye nini na adhabu iliyogeuka pambo.

Nilicheka na wenzangu. Lakini Ijumaa nilimwona mama yake Yustina anatoka kwa fundi, kitambaa cheupe kimekunjwa kwapani, hakijashonwa. Alipita bila kusalimia mtu. Niliumia moyo siku ile kuliko viboko vyote nilivyowahi kuchapwa.

Jumamosi tulikuwa na mazoezi ya nyimbo kigangoni, kanisa letu dogo la kijijini. Yustina alikaa benchi la nyuma na shada lake. Baba Modesti akanyoosha mkono, "Anzisha, Gaudensia." Nikafungua mdomo. Wimbo hautoki. "Anzisha, mwanangu." Badala ya wimbo likatoka jingine, tena kwa sauti ile ile ya kuanzishia:

"Lile tuta ni langu! Karanga nilikula mimi! Vijiti nilibadilisha mimi!"

Baba Modesti akauliza polepole, "Ulikula ngapi?"

"Zote, Baba. Zilibaki tatu, na hizo nikala njiani."

Kigango kizima kilicheka, na mimi nikalia. Baba Modesti aligeuka ukutani muda mrefu kidogo, mabega yanatikisika kwa kicheko. Alipogeuka tena, alikuwa amekaza uso. Akasema Yustina atapokea Komunyo na wenzake, na mimi nitasubiri Pasaka. Kisha akamwambia Yustina avue lile shada anivike mimi.

Yustina akalishika kwa mikono miwili. "Hapana, Baba. Hili limeshanizoea. Yeye akatunge la kwake."

Nikaenda kutunga la kwangu kweli, baada ya mama kunichapa kwanza na kunihurumia baadaye. Fundi alikesha akishona, na Krismasi Yustina aling'aa kwa gauni jeupe. Mimi nilikaa na wadogo, nimefurahi sijui niseme vipi.

Lakini siku ile ile ya mazoezi, kabla ya hayo yote, Yustina alinisubiri nje ya kigango. Nikamwuliza kama alijua.

"Toka siku ile. Tuta langu lina kisiki pembeni, ningelisahauje?"

"Sasa mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja ushibe."

Leo tumezeeka. Watoto wetu hawajui kutunga uzi wala kutofautisha mche wa karanga na wa njugu mawe, ila wanajua kupiga picha chakula kabla ya kukila. Kosa la mtoto wa siku hizi halivaliwi wiki moja likaisha. Mwezi uliopita mjukuu wangu yule yule alifanya upuuzi wa kitoto, alinakili jibu la mwenzake, mtu akamrekodi, na kufika jioni watu wa mikoa asiyoijua wakawa wanamcheka kwenye simu. Alijifungia chumbani siku mbili. Nikaingia, nikakaa kitandani kwake, nikamsimulia habari hii yote. Alicheka pale kwenye zile tatu za njiani. Kisha akaniuliza:

"Bibi, wewe ulikuwa na Yustina. Mimi nani ataningoja?"

Nikamwambia, "Mimi. Kwani unadhani nimekaa hapa nafanya nini?"