Mkebe Niliomsomea Akko

Nakumbuka siku moja ya ukame, mwanangu.

Miaka ile ya sabini hapa Isiolo, sisi watoto hatukujua kuuliza nyama imetoka wapi. Hata jirani zetu Wakristo wakiwa na sherehe walimwita Mwislamu aje ashike kisu, ili sote tule. Kwa hiyo nilidhani nyama yote duniani ni halali. Kisha mifugo yetu ikaisha, na chakula cha msaada kikaja na mikebe ya nyama.

Akko, bibi yangu mzaa mama, alikataa kuigusa. Alinipa mkebe mimi, msichana wa darasa la nne, kwa sababu nyumbani kwetu hakukuwa na mwingine aliyejua kusoma.

"Soma. Wewe ndio macho yetu."

Niliugeuza. Ulikuwa na picha ya ng'ombe na Kiingereza cha herufi ndogo ndogo, nisichokielewa hata neno. Lakini wote walikuwa wananitazama. Nisikufiche, nilikuwa na njaa, na nilipenda sana kuitwa macho.

"Imeandikwa halali, Akko."

Akasema bismillahi, akala.

Siku mbili sikutulia. Je, kama nyama ile ilichanganywa na ya nguruwe? Akko akiswali nilimtazama kwa pembeni, nikiogopa kwamba swala yake inaharibika kwa sababu yangu. Siku ya tatu niliuokota mkebe jalalani, nikaupeleka kwa Mama Kananu, jirani yetu Mmeru aliyesoma misheni. Nikamuuliza kama kweli imeandikwa halali. Akausoma mara mbili.

"Ni ng'ombe. Lakini hawajasema nani alichinja. Hiyo halali haiko hapa. Nani alikuambia?"

Nilirudi nikilia, nikamweleza Akko yote. Hakunipiga, na heri angenipiga. Akasema, "Mimi sikujua, Mungu ananiona. Wewe pia hukujua. Sasa mbona ulisema unajua?"



Tangu hapo kila kitu chenye maandishi Akko alikipeleka kwa Mama Kananu. Alinipita mlangoni, mimi nimeshika kitabu, akaenda kwa Mkristo amsomee kile ambacho Mwislamu anaweza kula. Chakula aliniwekea kama zamani, na alinibariki kama zamani. Macho hakuniita tena mpaka akafa.

Ndiyo maana naingiwa na hofu nikikuona dukani, mwanangu. Unaona alama ya kijani ya halali kwenye pakiti, tayari umeshafungua na mdogo wako umeshampa. Soma mpaka chini. Usipoelewa, uliza, hata kama ni kwa jirani wa dini nyingine. Na mtu akikuuliza usilolijua, mwambie sijui, hata ukiwa na njaa, hata kama nyumba nzima inakutazama.

Mungu akupe riziki safi. Na wale watakaokuita macho yao, akujalie wakuite hivyo mpaka mwisho.