Salfa Kwenye Kanda za Jafari

Jafari Nangumbi wa Naliendele alikuwa na mazimwi mia mbili na kumi na moja ndani ya nyumba yake, na wote aliwalaza chini ya kitanda kwenye masanduku ya bati. Alikuwepo buibui mkubwa kuliko msikiti. Walikuwepo watu wa kijani walioshuka kutoka kwenye nyota, hawana masikio lakini wanasikia hata mtu akimeza mate. Ulikuwepo mkono uliokatwa, ukaamka, ukaenda kwa miguu yake kumtafuta aliyeukata. Wote hao walikaa kwenye kanda za video, zile nene za zamani za kusukumia kwenye deki, ambazo vijana wa leo ukiwaonyesha wanadhani ni kiatu cha upande mmoja.

Alianza kuzikusanya angali kijana. Baharia akishuka bandarini na kanda, Jafari yuko getini na korosho za kukaanga, wabadilishane. Padri akihamishwa, Jafari yuko mlangoni anasaidia kubeba mizigo, macho yake yako kwenye kabati la kanda. Sinema za mapenzi hakuzitaka, za ngumi aliwaachia wenzake. Alitaka za kutisha na za mambo ya nyota, na kadiri ilivyokuwa ya kale na mbovu, zimwi lenyewe unaona kabisa ni mtu kavaa gunia na mkanda wa suruali unachungulia, ndivyo alivyoipenda zaidi.

Alizionyesha kwenye banda lake la makuti kule Mtawanya, jenereta inanguruma nyuma, Jumamosi mchana. Na watu walijaa mpaka mbu wakakosa pa kutua. Lakini tusidanganyane, hawakumfuata Jafari wala mazimwi yake. Walimfuata Tatu, mkewe, aliyesimama kando ya televisheni na fimbo ya muhogo mkononi, akiwatafsiria.

Tatu hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji. Na hilo watu wote walilijua. Alitazama midomo ya Wazungu inavyocheza, akawapa maneno yake mwenyewe, na maneno hayo yalikuwa matamu kuliko sinema. Buibui yule mkubwa alikuwa mwanamke aliyeachwa, anadai vyombo vyake. Wale wa kijani walikuja kuuliza bei ya korosho, wakaisikia, wakarudi zao nyotani wakilia. Watu walicheka hadi kuku wa jirani wakataga siku isiyo yao.

Kulikuwa na fundi mmoja, Josephu, kijana wa Mbeya aliyekuja kufanya kazi bandarini na baadaye akafungua kibanda cha kutengeneza redio Chikongola. Siku moja akamwambia Jafari, "Kaka, sauti hii inapotea bure. Nina deki mbili na kipaza sauti. Tumrekodi shemeji juu ya sinema."

Tatu akakataa. "Niongee na kidude hiki? Hakicheki, hakiguni. Nitajuaje kama uongo wangu umeingia?"

Ikabidi Josephu aite watu, wakajazana kwenye kibanda kama dagaa, ndipo Tatu akafungua kinywa. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Sinema ilikuwa ya dude lililoshuka kutoka kwenye nyota likampenda binti wa mwenye shamba, na wenye mji wakalifukuza kwa mienge. Tatu akaifanya ya posa. Dude limekuja kuoa bila mshenga, bila barua, halijapiga hata hodi. "Linanyoosha mikono kumi na haina kitu hata mmoja! Baba mkwe ale nini, ute?" Ikawa ndiyo kanda pekee yenye sauti yake, maana baada ya hapo akachoka, akajifungua, na Sharifa alipofikisha miezi kumi na moja, homa ya siku tatu ikamchukua Tatu.

Jafari akafunga banda. Kanda hakuziacha. Zikaja sinema za sahani za kung'aa, zikaja za kwenye simu, yeye bado yuko bandarini na korosho zake. Ndugu zake wakamwambia, "Jafari, hata deki ilishakufa, unatunza nini?" Yeye anacheka tu. Deki ilikufa kweli, na ile kanda ya posa hakuwa ameicheza kwa miaka zaidi ya ishirini. Hakuona haja. Aliinua godoro, akagusa sanduku, akajua Tatu yupo.

Mwaka juzi, masika yakiwa yamekolea, akaja mtu kutoka Dar es Salaam, Anold, naye mkusanyaji wa sinema za namna ile ile. Alipofunguliwa sanduku alipiga magoti kama yuko kanisani. Akaishika ile ya posa kwa mikono miwili.

"Mzee wangu, hii nimeitafuta miaka tisa. Huko ilikotengenezwa nasikia hawana hata moja. Nipe niende nayo wiki mbili, niihamishie kwenye kompyuta, nikurudishie na nakala."

"Hiyo ina mke wangu ndani," Jafari akasema. "Mke wangu hatoki hapa bila mimi."

Anold akabembeleza, akachoka. Akamwonyesha kwenye kidirisha cha kanda, ndani kuna weupe kama unga. "Basi angalau jihadhari na huu ukungu, mzee. Ukungu ukiingia, kwisha."

Jafari akacheka mpaka akashika mbavu. "Ukungu? Mwanangu, umetoka Dar kuja kunifundisha mkulima wa korosho habari za ukungu?"

Na kweli, ukungu ulikuwa adui yake wa miaka arobaini. Kila mikorosho ikitoa maua, unga mweupe unayavaa, na kila mwaka Jafari anabeba mashine mgongoni anapuliza salfa mpaka miti inageuka njano. Haujawahi kumshinda. Basi Anold alipoondoka, Jafari akafungua mfuko wa salfa uliobaki msimu uliopita. Akazitoa kanda moja moja, akainua kifuniko cha kila moja, akanyunyiza kwa vidole vitatu, kama anayetia chumvi kwenye samaki. Ile ya posa akaitilia mara ya pili. Kisha akairudia mara ya tatu, akaifunga kwenye khanga ya Tatu, akairudisha chini kabisa ya sanduku. Akalala usingizi mzuri.

Mwaka huu Sharifa, sasa mwalimu kule Newala, akapata mchumba. Akaja kwa baba yake kabla ya harusi, akakaa kwenye mkeka, akakataa hata chai.

"Baba, vitu vya harusi usinitafutie. Kabati sitaki, kitanda sitaki. Wenzangu, mama zao huwaambia neno siku ya harusi. Mimi sijawahi kumsikia mama yangu hata akikohoa. Nataka hiyo kanda."

"Hilo tu?" Jafari akasema, na uso wake ukawa wa kijana. "Hilo lipo, mama. Lipo na lina afya."

Wakaenda Chikongola, kanda mapajani kwa Jafari ndani ya khanga. Josephu, sasa naye ana mvi, alikuwa ameunga deki moja kutoka mizoga ya deki nne. Akaifungua khanga. Unga wa njano ukamwagika mezani.

"Kaka Jafari. Hiki nini?"

"Salfa. Kulikuwa na ukungu."

Josephu akapuliza, akapangusa, akainua kifuniko cha kanda. Utepe ulikuwa umegandana, na alipouvuta kwa ncha ya kibano ukatoka vipande, na weusi wake ukabaki vidoleni kama masizi.

"Jaribu," Sharifa akasema.

Akaunga kipande kilichokuwa bora, akakisukuma ndani. Televisheni ikaonyesha chenga. Ikalia shaaa, kama mvua juu ya bati. Wakasikiliza ile mvua mpaka deki ikakwama yenyewe.

"Salfa na unyevu vimekula kila kitu," Josephu akasema polepole. "Umebaki utepe mtupu. Hizo nyingine ulitia hivi hivi?"

"Nyingine nilitia kidogo."

"Basi huenda nyingine ziko salama."

Jafari akaitikia kwa kichwa. Buibui yuko salama. Mkono uko salama, unaweza kuinuka hata leo ukaanza safari yake. Akaanza kuukusanya ule unga wa njano mezani kwa kiganja, taratibu, kana kwamba unarudi mahali pake.

"Baba, acha," Sharifa akamshika mkono. "Niambie tu. Sauti yake ilikuwaje?"

Jafari akafungua kinywa. Alikumbuka kovu la kidole cha Tatu, fimbo ya muhogo, jinsi alivyojifunga khanga akitaka kusema uongo mkubwa. Alikumbuka kila neno la kwenye kanda. Sauti akaitafuta, nzito au nyembamba, ya puani au ya kifuani, asiione. Miaka yote aliiacha sandukuni akijua ipo, kichwani hakubakiza hata kijiko.

"Ilikuwa kama yako," akasema.

Sharifa akamtazama. Alijua anadanganywa, kama watu wa Mtawanya walivyojua. Akavuta kigoda cha fundi, akaketi mbele ya ile televisheni yenye chenga.

"Haya. Dude limeshuka. Mama akasemaje?"

"Akasema, limekuja bila mshenga," Jafari akaanza. Akaeleza mienge, akaeleza mikono kumi mitupu, na Josephu akacheka pale pale alipocheka zamani, ingawa machozi yalimtoka. Mwishoni dude linaondoka, binti amebaki peke yake juu ya kilima, anatazama juu. Hapo Tatu alikuwa ameweka mkono tumboni, kibanda kizima kimya.

"Akasema, 'Mwanangu, usilie. Kama anakutaka, atarudi na watu wake na atabisha hodi. Asipobisha, usimfungulie.'"

Akayasema kwa sauti yake mwenyewe, ya mzee, iliyokauka na vumbi la salfa. Sharifa akainamisha kichwa, akaipokea hivyo hivyo.