Nati ya Nne ya Kuramochi

Wivu ukimshika kijana, watu hucheka. Ukimshika mtu wa miaka hamsini na tisa, aliyebakiza miezi miwili astaafu, hauchekeshi hata kidogo. Kuramochi alikuwa akilisha umeme sumaku za mtambo wa kuunganisha atomi, kule kwenye mashamba ya viazi vitamu ya Ibaraki, Japani, tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Siku ya kupandisha umeme hadi ampea elfu hamsini, kiti cha mwendeshaji akapewa Orihara, binti ambaye Kuramochi mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi, hata kushika spana. Roho ilimuuma. Wenzake walipompongeza binti kwa maandazi ya maharage, alisema hana njaa, akaenda kumalizia kukaza nati za viungo vya shaba vinavyopeleka umeme kwenye sumaku.

Pale nati ikishakazwa huchorwa mstari mweupe, kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma, ili ikilegea ionekane. Mkaguzi huinyooshea kidole na kutamka, "Sawa." Kuramochi alichora huku macho yakiwa dirishani, kwa Orihara akicheka na mkuu wa mtambo. Nati ya nne akaichora kabla hajaikaza.

Alikuja kukumbuka saa tisa alasiri, amesimama nyuma ya kile kiti. Sumaku zilishapozwa, na zikiwa baridi vile hupitisha umeme bila kupata joto. Kiungo cha shaba kilicholegea hakina adabu hiyo, huungua. Na Orihara alishakagua. Aliona mstari umenyooka, akasema sawa. Lawama zote zingemwangukia binti.

Tuseme ukweli: Kuramochi alifurahi. Alifurahi mpaka mkono wa binti ulipogusa kitufe.

"Ngoja," akasema. "Nati ya nne. Nilichora bila kukaza."

Mkuu hakufoka. Alimwambia tu akasubiri nje. Orihara akatoka na spana, akasimama mbele yake kwenye ujia.

"Mwalimu, ungenyamaza nisingejua."

"Nilinyamaza, binti. Nilishindwa kunyamaza mpaka mwisho."

Orihara alipoikaza, ile nati ilizunguka nusu mzunguko mzima ndipo ikabana.

Akiwa ujiani, Kuramochi alisikia ukaguzi ukirudiwa, kisha hesabu ikipanda. Elfu kumi, sawa. Elfu ishirini, sawa. Orihara aliitamka ile "sawa" ya kuvutwa mwishoni, ambayo katika jengo zima ilikuwa ikitamkwa na mtu mmoja tu, Kuramochi mwenyewe. Ilipofika elfu hamsini, makofi yakapigwa. Kuramochi akaunyooshea kidole ukuta mtupu, akajaribu kuitamka.

Ya binti ilikuwa nzuri zaidi.