Naiti ya Ejo

Walisema sitaweza kwa sababu napenda usingizi. Hawakusema sina akili, maana akili waliiona. Hawakusema sina nguvu, maana nilifyatua matofali kwa mikono yangu hadi nikapata nauli ya kwenda chuoni Dodoma. Walisema usingizi tu. Kwetu Makere nilisifika kwa kulala. Nililala kanisani, nililala nikipukuchua mahindi, na siku moja nililala machungani mbuzi wakamaliza maharage ya jirani. Habari zilipofika kwamba nasomea uuguzi, mama yangu mzazi alicheka mbele ya wageni.

"Huyu? Atalala yeye, wagonjwa ndio watamwangalia."

Nilirudi na stashahada. Katika ukoo wetu ilikuwa ya kwanza, na sioni aibu kulisema hilo. Nilipangiwa hospitali moja Kibondo, wodi ya watoto. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, watu wakivuka mpaka kutoka Burundi na watoto migongoni, na wenyeji nao wakiugua kama kawaida. Kitanda kimoja kililaza watoto wawili, wa tatu akawa chini na mama yake. Mchana tulikuwa wauguzi wawili. Usiku alibaki mmoja, na zamu hiyo tuliiita naiti.

Naiti moja ya wodi ile ilikuwa hivi: dripu za kwinini saba au nane, kila moja unaihesabia matone kwa saa ya mkononi, na ukimaliza ya mwisho, ya kwanza imeshabadilika mwendo. Karabai inataka kupigwa pampu. Mama mmoja anaita, "Dokta, mtoto anatetemeka!" Sikuwa daktari, ila sikuwasahihisha kila mara. Kukicha miguu imevimba, viatu havivuki kisigino, na bado kuna ripoti ya kuandika.

Mkuu wetu wa wodi alikuwa mama mtu mzima kutoka Upare, tuliyemwita Sista. Siku ya kwanza aliniambia, "Baba, una miezi sita ya majaribio. Nikikukuta umelala, au nisipokukuta kabisa, utaenda kuchoma sindano za wagonjwa wa nje, na barua ya kukuthibitisha kazini usiiote." Nilimjibu kwamba hatanikuta. Nilikuwa na hakika. Kitu ambacho sikukijua ni kwamba kukesha si kazi. Kazi ni kulala mchana.

Chumba nilichopanga kilipakana na mashine ya kusaga. Ilianza kunguruma saa mbili asubuhi, wakati ule ule nilipovua viatu. Niliziba masikio kwa pamba ya wodini, nikatundika blanketi dirishani, nikalala chali nikihesabu matone yasiyokuwapo. Bati likishika jua, blanketi linanuka jasho. Nikisinzia, wanawake walio kwenye foleni ya mashine wanaangua kicheko. Usingizi ule niliochekewa Makere ulinikimbia kama mdeni. Mtu aliyeweza kulala amesimama sasa alishindwa kulala amelala.

Kisha mama akateleza akitoka mtoni na ndoo, akavunjika mguu. Lori la kwenda Makere lilikula siku nzima, na kurudi siku nyingine, na ruhusa ya mtu wa majaribio ilikuwa ndogo. Nikafanya walivyofanya wauguzi wote: nikakopa naiti. Unamwomba mwenzako akukeshee, halafu utamkeshea. Hakuna karatasi. Kuna neno lako tu, na atakayelivunja hatakopeshwa tena. Dada mmoja wa wodi yetu, ambaye wazazi wake walitoka Burundi zamani wakapata uraia, alinikopesha nne. Mzee mmoja aliyekaribia kustaafu alinikopesha tatu, akaniambia, "Kijana wangu, naiti haina riba, ila ina uchungu."

Nilikaa na mama mpaka mguu ulipofungwa vizuri. Alinitazama nikikagua zile banzi zilizoshikilia mfupa, akasema, "Umekonda. Wanakunyima chakula?" Nikamwambia wananinyima usingizi. Alicheka hadi mguu ukamuuma.

Nikarudi kulipa. Nilipanga naiti za madeni katikati ya naiti zangu. Mzee nilimmalizia zake kwanza, kwa heshima ya umri. Kisha nikamkeshea dada naiti mbili, na asubuhi iliyofuata ile ya pili nilikuwa chumbani nikipigana na mashine, mlinzi wa hospitali, mzee wa Kiha kama mimi, akapita nje ya dirisha akielekea kwake.

"We kijana! Dada amesema naiti ya ejo ni yako."

"Nimesikia, mzee. Asante."

Nikajifunika. Kwa Kiha, na kwa Kirundi cha kwao dada, *ejo* ni jana, na *ejo* hiyo hiyo ni kesho. Kitenzi ndicho kinachokuonyesha ipi. Lakini mlinzi alikuwa ameisema kwa Kiswahili, na "ni yako" haina jana wala kesho. Kichwa kilichochoka huchagua maana inayokifaa. Nikaelewa kwamba ile niliyokesha jana imehesabiwa kwangu. Dada alimaanisha nimkeshee kesho.

Kesho yake usiku yeye alilala kwake na mimi nililala kwangu. Nililala kweli, kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, maana mashine usiku huwa imezimwa. Wodini hakufika mtu. Sista, aliyekuwa amefanya kazi tangu asubuhi, alivua kitenge cha kwendea nyumbani, akavaa tena aproni, akakesha.

Asubuhi niliitwa, nikamkuta ameegemea meza kwa viganja viwili. Watoto wote walikuwa hai. Kwanza nilitazama hilo.

"Ulikuwa wapi?"

Nikamweleza. Dada naye akaitwa, akaapa kwamba alituma ujumbe. Sista alitusikiliza macho yakiwa mekundu.

"Hiyo ejo ni jana au kesho?"

"Zote mbili, Sista."

"Lugha gani hiyo isiyojua jana na kesho?"

Dada akajibu kabla yangu, "Lugha ya watu wa zamu, Sista."

Nilidhani ndiyo mwisho wangu. Sista alikaa kitini, nami nikaanza kuwaza sindano za wagonjwa wa nje. "Barua yako ninayo mimi," alisema. "Mlipe huyu mbili zake. Na mimi unilipe ejo zote mbili, iliyopita na inayokuja. Nikikukuta umesinzia hata mara moja, naichana."

Nilikesha naiti nne mfululizo. Wenye vyeti vikubwa kuliko changu wangeomba kuhamishwa. Niliosha uso kwa maji ya baridi ya Kibondo, ambayo yanauma meno. Nilikataa kukaa, niliandika ripoti nimesimama. Naiti ya tatu niliandika joto la mtoto mmoja mara mbili katika mistari miwili, nikaliona, nikalifuta, nikampima upya. Dozi sikukosea hata moja. Sista alikuja mara mbili bila kubisha hodi, na mara zote mbili alikuta mgongo wangu umenyooka.

Asubuhi ya nne nilimkabidhi wodi.

"Wa kitanda cha nne?"

"Dripu imeisha saa kumi, joto limeshuka, amenyonya."

Alisoma ripoti hadi chini, akaweka sahihi. Kisha akatoa barua kwenye droo na kuiweka juu ya daftari.

"Sasa unadaiwa na nani?"

"Sidaiwi na mtu, Sista."

"Basi nenda kalale, baba. Naiti ya ejo ni yangu."

"Ipi, Sista?"

"Zote mbili. Toka."

Nikatembea hadi chumbani, barua mfukoni. Sikuziba masikio, sikutundika blanketi. Mashine ilikuwa inasaga. Sikuisikia.