Namba ya Mzee

Mchukua damu wa kliniki ya wajawazito hapa Machakos ana sindano isiyouma na mdomo unaouma. Kila mama anapotaja namba ya simu, yeye huinua kalamu: "Hiyo ni yako ama ni ya mzee?" Siku zote ni ya mzee, na mume huyo yuko kiwandani Mavoko, simu imezimwa. "Hii damu inatuonyesha mapema kama presha itakusumbua. Sasa nikikukosa, nimwambie nani? Ukuta?" Wanacheka chini kwa chini, kisha wanataja namba ileile.

Leo majibu ya Munyiva wa Kola yalirudi mabaya. Mchukua damu alimpigia mumewe mara tisa. Mara ya kumi mume akapokea: "Nitamwambia nikienda nyumbani mwisho wa mwezi." Mchukua damu akasonya, akavua koti jeupe, akapanda bodaboda hadi Kola, akigomba peke yake njia nzima. Alimkuta Munyiva ameketi mlangoni, anaongea kwa simu.

"Kumbe uko na simu!"

"Niko nayo, daktari. Lakini mambo ya hospitali si huwa ni ya mzee?"

Alikuwa na jibu, tena refu. Lakini macho yake yalishuka kwenye miguu ya Munyiva, iliyovimba hadi patipati zimekataa kuingia, akageuka kumwita mwenye bodaboda kabla hajaondoka.